Mchanga Ushukao Ukutani

4 Februari 1989

Mjomba,

Shikamoo. Na Baba, shikamoo, maana najua hapo ulipo unasoma kwa sauti na yeye ameegemeza kichwa ukutani, amekunja mikono, anajifanya hasikilizi.

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga ni kidogo kiasi kwamba nikitaka kufungua kabati lazima kwanza nikae kitandani. Mwenye nyumba ni mama mpole mwenye masikio makali. Nikikohoa mara moja bafuni, tukikutana kwenye ngazi ananiuliza kama nimekwenda hospitali. Viatu ulivyonibadilishia visigino bado vinadunda. Vipi kifua cha Baba? Usiniambie "hajambo" ukaishia hapo. Niambie anakohoaje.

Sasa niwasimulie kazi. Maabara yetu ina bomba la plastiki inayoonyesha ndani, limesimama kutoka sakafuni, limetoboa dari mbili, urefu wake mita kumi na mbili. Chini tunapuliza hewa kwa nguvu, hewa inaubeba mchanga mpaka juu, juu kuna pipa la kuutenganisha na hewa, kisha mchanga unarudi chini kwa bomba la pembeni na kuanza safari upya. Wanafunzi wamelipa jina la Twiga. Ni ndugu mdogo wa Mrefu, lile tanuri la kiwandani kwenu, ila Mrefu anachoma makaa ndani na mchanga wake ni moto mwekundu, wakati Twiga ni baridi, unaweza kumkumbatia. Nimepewa swali moja tu: chembe za mchanga zikishaingia humo, zinakaa wapi na zinaelekea wapi. Ukijibu haraka utasema ziko ndani na zinaelekea juu. Mimi nilijibu hivyo nikachekwa. Sasa hivi napaka chembe rangi nyekundu ili niweze kuzitambua zikipita, na vidole vyangu vimekuwa kama vya mchinja kuku.

Mjomba, wewe unajua kwa nini nimechagua kazi hii. Nilikuwa na miaka kumi na tano niliposoma ile ripoti kwenye ubao wa getini: "Mhudumu wa geji aliongeza hewa bila sababu, kwa uzembe wake mwenyewe." Mstari mmoja. Huyo mtazama mishale ya vipimo ni Baba, na alikuwa bado hospitali na bandeji machoni. Mtu huyu hajawahi kuwa mzembe hata wa kufunga kamba za viatu. Nataka kujua ndani ya Mrefu kulikuwa na nini siku ile alipopasuka, na nataka Baba akisikie kwa masikio yake. Basi nakuomba umuulize mambo matano: Mrefu ana urefu gani, upana gani, mchanga wake ulitoka wapi, lile dirisha la kuchungulia lilikuwa sehemu gani, na nani alichungulia siku ile, aliona nini.

Naandika upande mmoja wa karatasi kwa sababu hizi za huku ni nyembamba, wino unatokeza nyuma. Baba asidhani nimekuwa mbadhirifu.

Mtoto wenu wa vidole vyekundu.


11 Machi 1989

Mpwa wangu,

Marahaba. Ya pili ni ya baba yako, ameniagiza niiandike kwa herufi kubwa: MARAHABA. Sasa ameridhika.

Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Tangu mama yako, dada yangu, atuache, tumebaki wanaume wawili nyumba moja. Mimi napika, yeye analalamika. Chumvi ikizidi anasema nataka kumuua, ikipungua anasema nimeshamzika. Namnyoa kila Jumamosi na bado anapapasa shavu kutafuta nilipoacha. Mama mshonaji wa jirani anatuchungulia na kutucheka, lakini kola za mashati yetu anazigeuza bila kuombwa.

Hebu nikuambie anavyopokea barua yako. Haruhusu niifungue. Anaichana kwa ukucha, anatoa karatasi, anazipitisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. "Tatu," akasema safari hii. "Ameandika tatu. Anakula vizuri huyo." Kwake urefu wa barua ndiyo afya ya mwandishi. Nikimaliza kusoma anazichukua tena, anazinusa, anazitia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Macho hana, ila kopo hilo hata mimi siruhusiwi kuligusa.

Umeniuliza anakohoaje. Anakohoa asubuhi akiamka na jioni akikaa mlangoni, na katikati anakohoa akicheka, kwa hiyo nimepunguza utani. Tabibu wa zahanati anasema ni vumbi la miaka yote ya kiwandani, limeweka makazi na halina haraka ya kuhama. Mimi vumbi hilo hilo nalila mpaka leo, tena niko karakana, na sijambo. Hakuna haki.

Maswali yako: Mrefu ana mita ishirini na nane kutoka kwenye feni hadi bega. Upana, watu wanne wakishikana mikono hawamzunguki. Mchanga ulikuwa wa mtoni, ukachekechwa. Hayo mengine ni ya zamani, mwanangu. Kumbukumbu yangu imetoboka kama chandarua cha bwenini. Dirisha lilikuwa pale lilipokuwa. Baba yako anasema usijichoshe, ule mpira wa zamani umeshachezwa.

Tunakusalimu, na uoshe vidole kabla ya kula.

Mjomba wako.


16 Aprili 1989

Mjomba, shikamoo. Baba, shikamoo.

Barua ilifika nikiwa nimelala na mafua, ikaniponya nusu. Nimemsimulia mwenye nyumba habari ya chumvi, sasa kila akipika ananiuliza kama anataka kuniua. Nimefurahi kusikia kwamba mama mshonaji bado anageuza kola. Mpe salamu zangu, mwambie gauni lake ndilo ninalovaa siku za mitihani.

Lakini Mjomba, nimeuliza matano umejibu matatu, na hayo mawili ndiyo niliyoyataka zaidi. Chandarua gani hicho kinachotoboka mahali pamoja tu? Wewe unakumbuka mpaka idadi ya ngazi za kupandia Mrefu, uliwahi kunihesabia. Nakutania, ila si sana. Baba, naomba safari hii ujibu wewe, Mjomba aandike tu.

(Karatasi ya pili imejaa hesabu za feni yetu na ya kwenu. Mjomba, ukichoka ziruke, Baba atataka mwendo wa hewa peke yake: yetu mita tano kwa sekunde, yenu mlikuwa mkienda sita.)

Baba, hii ni karatasi ya tatu. Kaa vizuri unisikilize.

Siku ya kwanza nilipoachiwa Twiga peke yangu, nilisimama mbele yake nikaona mchanga wote unashuka. Feni inanguruma, hewa imefunguliwa mpaka mwisho, na mbele ya macho yangu mchanga unateremka kwa michirizi, kama uji uliofurika pembeni mwa sufuria. Nikakimbia kumwita mwalimu wangu. Nikamwambia Twiga amezidiwa, mchanga unaanguka, tuongeze hewa haraka. Mzee yule hakuinuka hata kwenye kiti. Akaniuliza, "Umeuona wote?" Nikasema wote. Akasema, "Umeuona wa ukutani."

Tukaingiza kijiti chembamba chenye taa nchani, kinachotambua chembe zikipita mbele yake, tukakisukuma sentimita kwa sentimita kutoka ukutani hadi katikati. Katikati ya bomba chembe ni chache, zimetawanyika, na zinapanda mbio. Ukirudi pembeni zinaongezeka na kupunguza mwendo. Na pale ukutani kabisa, ambako hewa inakosa nguvu, zinajikusanya makundi makundi na kuanguka. Ziko nyingi kiasi kwamba zinamziba mtazamaji, haoni ng'o kinachoendelea nyuma ya chembe hizo. Chembe zangu nyekundu zinasema hazikai huko. Zinashuka kidogo, zinachotwa na hewa, zinapanda tena. Ukijumlisha yote, mchanga unapanda. Lakini anayechungulia kutoka nje ataona unaanguka, na ataapa.

Baba, dirisha la Mrefu lilikuwa ukutani. Lilikuwa na wiki mbili tu, nakumbuka ulivyorudi nyumbani ukatuambia mimi na Mama kwamba sasa Mrefu kawekewa jicho. Hakuna mtu aliyewahi kumchungulia akiwa anawaka kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyejua anavyokuwa siku zote. Yeyote aliyesimama pale siku ile aliona mchanga unaanguka. Hakuota, hakusinzia, hakudanganya. Aliuona kweli. Kuongeza hewa ndicho ambacho mtu mwenye akili zake angefanya, na ndicho kilichowaponza, maana hewa ilipozidi mchanga ulipanda wote kwa mkupuo, bomba la kurudishia likashindwa kuumeza, na kiungo cha juu kikapasuka.

(Karatasi ya nne.) Nadhani ulikuwa wewe, Baba. Nadhani ulipanda, ukachungulia, ukashuka ukaongeza hewa. Kama ni mwingine aliyechungulia akakuambia, nitajie, na yeye nimwandikie. Mtu huyo amelala vibaya miaka tisa bila kustahili. Sina ugomvi naye. Nataka tu aseme alichokiona, nikiandikie kiwanda, mstari ule ufutwe.

Nawapenda. Nimeandika nne, Baba. Nakula vizuri.

Mtoto wenu.


10 Juni 1989

Mpwa wangu,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa. Barua yako ilifika katikati ya Mei, kisha kukawa na hili na lile. Bati la jikoni lilianza kuvuja, nikapanda juu, nikateguka kifundo cha mguu, ikawa kipofu anamwongoza kilema kwenda zahanati. Watu wa foleni walitupisha kwa huruma au kwa kutuogopa.

Baba yako alihesabu karatasi akasema nne, akafurahi mno. Nimemsomea. Habari ya mwenye nyumba na chumvi imemchekesha mpaka tukampa maji. Amesema mita sita kwa sekunde ni sawasawa kabisa, umekumbuka vizuri, na kwamba hapo kwenye hesabu ya feni una akili ya bibi yako mzaa baba. Amesema ahsante.

Kifua si kizuri, sikufichi. Tangu wiki ya pili ya Mei analala ameketi, nimemwekea mito mitatu. Tabibu amempa dawa ya kupulizia mdomoni. Hakai tena mlangoni jioni.

Mvua imenyesha. Mama mshonaji anakusalimu.

Mjomba wako.


2 Julai 1989

Mjomba, shikamoo. Baba, shikamoo, na pole, na pole tena.

Mito mitatu imeninyima raha. Nimemwomba mwalimu ruhusa nije. Ameniambia Twiga anafungwa mwishoni mwa Septemba, nikiondoka sasa vipimo vyote vinaanza upya na mwanafunzi mwingine. Nimekubali kubaki, na kila siku najiuliza kama nimekubali vizuri. Mwambie Baba aningoje. Mwambie hivyo hivyo, kwa neno hilo.

Mjomba, naomba usinikasirikie. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vyangu. Baba amecheka habari ya chumvi, hiyo iko karatasi ya kwanza. Amesifu hesabu ya feni, hiyo iko ya pili. Je, amesemaje kuhusu ya tatu? Mtu aliyekaa gizani miaka tisa na neno "uzembe" aambiwe hakuna uzembe, halafu aseme "ahsante"? Baba yangu si wa ahsante moja. Namfahamu, angeuliza maswali mpaka ukasirike.

Mwalimu wangu yuko tayari kutia sahihi barua ya kiwandani pamoja nami. Tunachokosa ni neno la aliyekuwa dirishani. Kama umechoka kusoma, mpe mama mshonaji amsomee. Tafadhali. Jambo hili lina haraka, na wewe uliye naye unaona kuliko mimi.

Mtoto wenu anayengoja.


6 Agosti 1989

Mwanangu,

Marahaba ya barua yako, ingawa aliyeitikia ni mmoja. Telegramu uliipata, najua, maana mwenye nyumba wako alinijibu kwamba umelala kitandani huli. Ilikufikia tumeshamzika, tarehe kumi na tano Julai, asubuhi. Wenzake wa chumba cha geji walikuja, hata wale waliokuwa wakivuka barabara wakimwona. Walimbeba wao. Barua yako ya tarehe mbili ilifika siku tatu baadaye. Ile ya kumwambia akungoje.

Sasa niache kuzunguka. Nitaandika moja kwa moja, na ukifika mwisho unichukie ukitaka.

Aliyekuwa dirishani ni mimi.

Nilikuwa nimetolewa karakana wiki mbili kabla, nikawekwa juu ya jukwaa la Mrefu kulinda jicho lake jipya. Siku ile, karibu na mwisho wa zamu ya mchana, niliona mchanga unateremka kwa wingi, mwekundu, wala hauishi. Nikashika simu ya ndani nikamwambia baba yako, "Shemeji, mchanga unaanguka, ongeza hewa." Akasema, "Mshale wangu umetulia. Una hakika?" Nikamwambia, "Unaanguka wote, naona kwa macho yangu." Akaacha kuamini mshale akaniamini mimi. Akaongeza. Kiungo cha juu kilipoanza kulia, wengine walikimbilia nje. Yeye alipanda. Alikuja kunitoa, kwa sababu mlango wa jukwaa ulikuwa unafunguka kwa upande wa ngazi tu na mimi niliganda. Alinisukuma mbele yake, na mchanga ulipotoka ulimkuta yeye uso kwa uso.

Hospitali, kabla ya wale wa uchunguzi kuja, alinishika mkono akasema, "Macho yameshakwenda. Wakitufukuza wote wawili dada yako ataishi vipi na mtoto? Mimi nitasema niliongeza mwenyewe. Wewe utasema hukuona kitu." Nikasema hivyo hivyo alivyonituma. Walipoondoka niliona nafuu, mwanangu. Hiyo nafuu ndiyo sijawahi kumwambia mtu. Mama yako alikufa anajua mumewe ndiye aliyekosea na kaka yake ndiye mtu mwema aliyekuja kumtunza.

Lakini kulikuwa na jambo kati yetu. Mshale wake ulikuwa umetulia. Miaka yote tisa alikuwa akijiuliza kama kweli niliona mchanga unaanguka, au nilisinzia, au nilibabaika nikasema tu. Hakuniuliza. Mimi nami nilikuwa najiuliza vilevile, maana kila fundi niliyemsikia alisema haiwezekani, kwa hewa ile mchanga hauanguki. Nikaanza kuamini sikuona. Basi ulipoandika kwamba unatafuta mchanga unakwenda wapi, nilijua ipo siku utaandika kwamba mjomba wako hakuona kitu.

Barua yako ya Aprili nilimsomea karatasi mbili. Ya tatu, macho yangu yaliangukia neno "dirisha" na neno "yeyote". Nikakunja. Nikasema, "Basi, anakusalimu." Alinyoosha mkono apewe karatasi zake, nikampa mbili. Alizipitisha kwenye vidole, akazipitisha tena, akazitia kwenye kopo. Zile nyingine nilizitia mfuko wa shati. Kila nikibadilisha shati nilizihamisha, nikiogopa kuziacha mahali mkono wake unafika. Sikuzisoma. Nakuapia sikuzisoma. Nilijiambia nikishazisoma nitakuwa nimejua, na nikishajua itabidi niseme.

Tarehe kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukila, aliniita. Pumzi ilikuwa fupi, alisema maneno matatu matatu. Akasema, "Zilikuwa nne. Ukanisomea mbili." Nikaweka mto wake sawa. Akasema, "Si kitu. Sitaki kusikia alichoandika. Nijibu wewe. Siku ile, uliuona kweli?"

Nikamwambia, "Shemeji, pumzika. Ngoja nikuletee maji."

Nikaenda jikoni. Nilikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Niliporudi alikunywa kidogo, akanirudishia kikombe, akasema, "Basi." Hakusema neno lingine la maana baada ya hapo. Alifariki tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, nimemshika mgongo.

Baada ya mazishi nilivua shati ili lifuliwe nikakuta karatasi zako. Nikakaa kitandani kwake nikazisoma. "Hakuota, hakusinzia, hakudanganya. Aliuona kweli." Mwanangu, jibu la swali lake lilikuwa mfukoni mwangu, hapa kifuani, nilipomwinamia kumnywesha maji. Lilikuwa jibu zuri. Lingemtosha yeye na lingenitosha mimi. Niliogopa karatasi ambayo ilikuwa inanitetea.

Sina la kukuomba.

Mjomba wako.


3 Septemba 1989

Mjomba,

Shikamoo. Neno hilo nimelishindwa wiki mbili nzima. Leo nimeliandika kwa sababu Baba alinifundisha hivyo, na kwa sasa hiyo ndiyo sababu pekee niliyo nayo.

Mwenye nyumba ananiletea chakula mlangoni. Twiga nimemrudia. Nasimama mbele yake naangalia mchanga unashuka ukutani, najua kabisa kwamba katikati unapanda, na hiyo elimu yangu yote haikufika chumba kimoja tu, cha mtu mmoja tu, ambaye ndiye niliyekuwa namsomea.

Nina hasira nawe. Si kwa ajili ya dirisha. Dirishani hukukosea, nilishakuambia kabla sijajua ni wewe. Si hata kwa ajili ya uliyoyasema mbele ya wachunguzi, kwa sababu hayo mlipanga wawili na yeye ndiye aliyependekeza. Nina hasira kwa ajili ya maji. Ungesema "ndiyo". Hukuhitaji barua yangu kwa hilo. Neno moja, Mjomba, nawe ulikwenda jikoni.

Na mimi nina hasira na nafsi yangu. Ningeweza kuandika sentensi ile juu kabisa ya karatasi ya kwanza, kabla ya mafua na chumvi. Nikaiweka ya tatu ili nijieleze kwa utaratibu, nionekane msomi. Nikabaki huku kulinda vipimo. Kwa hiyo usidhani nakulaumu nikiwa nimekaa mahali pasafi.

Umesema huna la kuniomba. Mimi ninayo mawili. Kwanza, andika kwa mkono wako ulichokiona na ulichosema kwenye simu ya ndani, ukipeleke kiwandani mwenyewe, getini, mchana, wakuone. Barua yangu na ya mwalimu nimeziambatanisha hapa. Pili, chukua zile karatasi nne, nenda alipolala, umsomee zote kwa sauti. Hata hesabu za feni. Usiruke.

Sijui nitakuandikia lini tena. Zile karatasi ukimaliza zitie kwenye kopo.

Mpwa wako.


8 Oktoba 1989

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimelipokea kama lilivyoandikwa.

Niko mzima. Mama mshonaji amenishonea kifungo cha shati, akaniuliza kwa nini ule mfuko umechakaa hivyo kwa ndani. Nimemwambia yote. Hajanichungulia tangu siku hiyo, ila kola bado anazigeuza.

Kiwandani nimekwenda Jumatatu. Nilisimama getini mpaka mkuu wa zamu akatoka. Alisoma ya kwangu kwanza, halafu zenu, akaniuliza kwa nini leo. Nikamwambia kwa sababu jana ilishapita. Akagonga muhuri. Nimeambiwa nisirudi karakana mpaka niitwe, na huenda nisiitwe. Niliomba ibandikwe kwenye ubao ule ule. Hajaniambia ndiyo wala hapana, lakini aliichukua kwa mikono miwili.

La pili nimelifanya jana asubuhi. Nilikwenda na kigoda, nikakaa upande wa kichwa. Nilisoma ya kwanza, chumvi na gauni la mitihani. Nilisoma ya pili, hesabu zote, ingawa nyingine sijui zinatamkwaje. Kwenye ya tatu sauti ilinikatika mahali pawili, nikarudia kutoka juu, kwa sababu uliniambia nisiruke. Nikamaliza ya nne. Nikazipitisha kwenye vidole kama alivyokuwa akifanya. Zilikuwa nne, nimesoma nne.

Kisha nikamjibu. Nikamwambia ndiyo, shemeji, niliuona.

Mjomba wako.